Mwarobaini au kivumbasi? Jibu kwa dada wa Dodoma

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tumehamia nyumba yetu Dodoma mwezi wa tatu, kiwanja bado ni vumbi tupu. Mume wangu anataka tupande mwarobaini. Anasema ni dawa ya magonjwa arobaini, unafukuza mbu na haukauki kiangazi. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, anasema mti ule utatubomolea nyumba. Yeye anataka kivumbasi kizunguke madirisha, mbu wasisogee, na watoto wakipata mafua dawa iko mlangoni. Upande wa magharibi pana mita 6 kutoka ukutani hadi kwenye uzio, na mbele, upande wa kusini, pana mita 9 hadi getini. Karo la maji machafu liko nyuma ya jiko, kaskazini. Chumba cha watoto kiko kona ya kusini-magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri ukuta wake unachoma mkono. Maji ya bomba ni ya mgao, kwa hiyo tunakinga ya mvua kutoka kwenye bati hadi kwenye tanki. Nina ujauzito wa miezi mitano. Kama ni kuchagua kimoja, nichague kipi?"

Marahaba dada yangu, na hongereni kwa nyumba. Hongera pia kwa ujauzito, nitaurudia huko mbele kwa sababu una uzito wake kwenye jambo hili.

Nimefurahi kwamba umepima. Watu wengi huniuliza kipi ni dawa kali zaidi, bila kuniambia hata jua linazama upande gani wa nyumba yao. Wewe umenitajia ukuta unaochoma mkono saa tisa, na hapo hasa ndipo jibu langu linapoanzia.

Kwa Dodoma, kama ni kimoja tu, panda mwarobaini. Ungekuwa Tanga ningekwambia kivumbasi. Lakini ninauchagua mwarobaini kwa sababu ambayo mume wako hakuitaja, na ninataka uupande mahali ambapo hofu ya mama mkwe haitatimia. Na baada ya hapo bado mtabaki na sehemu ya kivumbasi, maana eneo la ukubwa wa meza ya kulia linakitosha.

Mama mkwe wako anajua anachosema. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, katika misimu miwili. Huko kivumbasi hujiotea chenyewe kando ya njia, na mwarobaini ukiupanda karibu na nyumba unapaa haraka kuliko ulivyotarajia. Amewahi kuona kuta zikipasuka, naamini. Dodoma ni nchi nyingine. Mvua ni milimita 550 hadi 600, na zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya jua na upepo wa vumbi. Kivumbasi kisichomwagiliwa hapo kitakauka kibaki vijiti ifikapo Agosti. Mwarobaini ukishapitisha kiangazi chake cha kwanza na cha pili hauhitaji ndoo yenu tena. Unatosheka na mvua ya milimita 400, unaota kwenye mchanga na kwenye kokoto, na mzizi wake mkuu huenda chini kutafuta unyevu ambao mimea midogo haiufikii. Ukame ukizidi sana hupukutisha majani, lakini hauchukui muda kuchipua tena, mara nyingi kabla hata ya mvua kuanza. Kwa hiyo mume wako naye, kwa hilo la kiangazi, kasema kweli.

Kitu ambacho mwarobaini unakifanya vizuri kuliko mmea wowote utakaoweza kuupanda hapo ni kivuli. Kwenye uwanda wa Arafa, Saudi Arabia, ilipandwa miarobaini ipatayo 50,000 ili mahujaji wapate pa kujisitiri na jua. Hawakuichagua kwa ajili ya udawa wake. Walitaka mti unaobaki kijani kwenye joto lile na unaotanda. Nyumba yako ina tatizo hilohilo kwa kipimo kidogo, yaani ukuta unaopigwa na jua na watoto wanaolala nyuma yake.

Sasa twende kwenye mahali pa kuupanda, na hapa naomba usiharakishe.

Mwarobaini uliokomaa hufika mita 15 hadi 20 kwenda juu, na mwavuli wa matawi yake unaweza kuwa na upana wa mita 10 au zaidi. Mizizi ya pembeni nayo husafiri mbali. Niliupanda mmoja nyumbani kwa marehemu baba, Kilosa, nikiwa kijana ninayejiona najua kila kitu, hatua tatu kutoka shimo la maji machafu ya jikoni. Miaka 11 baadaye maji yakaanza kurudi nyuma. Tulipofunua mfuniko hatukuona maji. Tuliona kitu kama kichwa chenye rasta, mizizi myembamba ya rangi ya kahawia imefumana kuta kwa kuta, laini ukiishika, imejaza shimo lote. Mzizi uliozaa yote yale ulikuwa umepenya kwenye kiungo cha bomba, unene wake si zaidi ya penseli. Tulifukua siku mbili, na mti ukakatwa. Baba hakunilaumu, ila kivuli chake alikilalamikia hadi mwisho.

Kwa hiyo usiupande kwenye ule ukanda wa magharibi katikati. Pale pana mita 6 tu. Ukiuweka mita 3 kutoka ukutani, matawi yatalala juu ya bati ndani ya miaka minne. Majani madogo, maua na kokwa vitajaa kwenye gata, na ndege watakaokuja kula matunda wataacha kinyesi juu ya bati lilelile mnalokingia maji ya kunywa. Maji ya tanki yatakuwa na ladha chungu na rangi ya chai. Gata lililoziba hutuamisha maji, na kwenye maji yale viluwiluwi vya mbu vitaanza kucheza. Mti uliopandwa ili kufukuza mbu utakuwa unawafuga juu ya chumba cha watoto.

Fanya hivi. Simama kwenye kona ya nyumba ya kusini-magharibi, pale nje ya chumba cha watoto. Pima mita 4 kwenda magharibi, kisha mita 4 na nusu kwenda kusini. Hapo utakuwa mita 6 kutoka kwenye kona ya msingi, mita 2 kutoka uzio wa magharibi, na karo liko mbali upande wa pili wa nyumba. Chimba hapo.

Utaniuliza kwa nini kusini, wakati jua linazama magharibi. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Septemba, joto linapopanda, jua la alasiri huanza kuegemea kusini mwa magharibi, na Desemba linakuwa limeegemea sana. Kivuli cha mti ulio kwenye kona ile huanguka kuelekea kaskazini-mashariki, yaani kwenye chumba cha watoto, katika miezi ileile ambayo ukuta unachoma zaidi. Mwezi wa sita na wa saba jua huegemea kaskazini na kivuli kitakukwepa, lakini miezi hiyo Dodoma ni baridi na ukuta wenye joto jioni hautamkera mtu. Kama huniamini, simika nguzo ya mita 3 hapo leo saa tisa, uangalie kivuli kinaelekea wapi, kisha urudie Novemba.

Mita 2 kutoka kwenye uzio si nyingi, nakiri. Zungumzeni na jirani mapema. Mwarobaini hauchukii kukatwa. Ukifika mita 6 au 7 ukatwe kichwa, na matawi ya upande wa jirani na wa bati yapunguzwe kila mwaka baada ya mvua. Utachipua upya, mnene zaidi. Usiuachie ukue utakavyo kwa miaka 10 halafu ndio umwite mtu wa msumeno.

Mti utachukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kivuli chake kuwa cha maana. Kwa muda huo jengeni kichanja cha nguzo nne mbele ya ukuta wa magharibi mpitishie mzabibu. Mko Dodoma, pingili za mzabibu hamtazikosa. Hata dodoki linafaa kwa msimu mmoja, ila lina kiu.

Kabla hujanunua mche, uchunguze jani. Kwenye vitalu kuna mti mwingine unaouzwa kwa jina la mwarobaini, wakati mwingine kwa kutojua: ni mmelia. Unafanana nao kwa mbali, maana ni ndugu, wote ni wa jamii moja na mkangazi. Lakini mmelia hupukutika kabisa msimu wa ukame, na matunda yake ya njano yana sumu kwa mtu, jambo ambalo mwenye watoto wadogo halitaki uani kwake. Shika kikonyo cha jani. Kwa mwarobaini, vijani vimepangwa pande mbili za kikonyo kimoja tu, kama unyoya wa ndege, kila kijani kimepinda kama mundu na kingo zake zina meno. Kwa mmelia, kile kikonyo kikuu kinazaa vikonyo vingine, na vijani viko kwenye hivyo vya pili. Kata kijani kimoja utafune ncha yake. Uchungu wa mwarobaini hauna mfano. Tema tu.

Chukua mche wa urefu wa sentimita 30 hivi, usio na mzizi uliojizungusha chini ya kiriba. Ukitaka kuotesha mwenyewe, okota mbegu zilizoiva, osha nyama yake, na usizidishe wiki mbili kabla ya kuzipanda, kwa sababu mbegu ya mwarobaini huzeeka upesi sana. Wengi wanaoniambia mbegu zao "zimegoma" walizinunua zikiwa zimekaa dukani miezi. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza. Panda mvua za Desemba zikishalowesha ardhi vizuri. Zungushia miba au wavu, mbuzi wa Dodoma hawaogopi uchungu wakiwa na njaa. Kiangazi cha kwanza ndoo moja kwa wiki na matandazo ya majani makavu shinani vinatosha. Sehemu isiwe bonde la kutuamisha maji, huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Niseme kuhusu mbu, kwa kuwa wote wawili, mume na mama mkwe, wameitegemea mimea hii kwa hilo, na wewe ni mjamzito.

Mwarobaini uliosimama uani haufukuzi mbu. Mafuta ya mbegu zake yakipakwa mwilini yana nguvu kiasi, lakini mti wenyewe ni mti tu, na mbu hupumzika kwenye kivuli chake kama sisi. Kivumbasi kina ushahidi zaidi, lakini sikiliza ukubwa wake. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti waliweka vyungu vya mimea hai kwenye vibanda vya majaribio na kuachia mbu wa malaria. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kivumbasi kidogo, kile cha msimu mmoja, kilipunguza mbu kwa asilimia 40 hivi. Majani ya kivumbasi kikubwa yalipopashwa moto juu ya bati bila kuwaka, yaliwapunguza kwa kama nusu. Ni kazi nzuri kwa mmea wa bure. Lakini nusu iliyobaki bado inauma, na kwa malaria mbu mmoja anatosha.

Kwa hiyo kivumbasi kiwe msaada wa kukaa barazani jioni, na chandarua chenye dawa kibaki kitandani kila usiku. Hudhuria kliniki, meza dozi za SP, ile dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, wanazokupangia. Mtoto akipata homa, apimwe, na ikiwa ni malaria apewe dawa mseto kwa kipimo chake. Nimeona mama akimnywesha mtoto maji ya mwarobaini siku tatu akingoja homa ishuke, na siku tatu hizo ndizo zilizokuwa na thamani. Kisha tazama tanki lenu. Weka wavu kwenye mdomo wake na kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada. Nikipewa nafasi ya kufanya jambo moja tu la kupunguza mbu kwenye kiwanja chako, nitaanza na wavu huo kabla ya mmea wowote.

Kuhusu udawa. Jina la mwarobaini limetokana na ile imani ya magonjwa 40, na limewapa watu ujasiri kupita kiasi. Majani yake yaliyochemshwa na kupozwa ni mazuri kwa kuoshea upele na ngozi inayowasha. Kijiti chake ni mswaki wa siku nyingi. Hayo nayatetea. Kuunywa ni habari nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya kienyeji: walitapika, wakalegea, wakapata degedege, na wengine wakafariki. Mafuta na dondoo zake zimechunguzwa hata kama njia ya kuzuia mimba, kwa sababu kwa wanyama huvuruga ujauzito. Wewe sasa una miezi mitano. Usinywe mwarobaini, si majani, si magome, si mafuta, hata akuambie nani. Na kama nyumbani kuna mzee anayetumia dawa za kisukari, asichanganye bila kumwambia daktari wake, kwa sababu majani haya nayo hushusha sukari.

Udawa wa mwarobaini ambao ningependa uutumie wewe ni wa mboga zako. Nguvu yake kubwa iko kwenye mbegu, kwenye kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo humkatisha mdudu hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua ngozi akakua. Wakulima wa India waliijua kazi ya mbegu hii zamani sana, kiasi kwamba Ofisi ya Hataza ya Ulaya mwaka 2000 ilifuta hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, iliyokuwa imeitoa kwa kampuni moja ya Marekani pamoja na serikali ya nchi hiyo, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Mti wako utaanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Anika kokwa kivulini, zibangue, twanga kiini, kisha loweka gramu 50 za unga katika lita moja ya maji usiku kucha. Chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ya kunawia, nyunyizia mchicha na sukuma wiki wenye vidukari. Fanya hivyo jioni, maana jua huiua dawa yenyewe ndani ya siku chache. Rudia baada ya wiki. Osha mboga kabla ya kupika kama kawaida.

Jambo moja kwa wasomaji wengine wanaoishi pwani, si kwako: ndege na popo husambaza mbegu za mwarobaini ovyo, na pwani ya Kenya, wanakouita pia mkilifi, umeingia hadi kwenye vichaka vya asili na kuibana miti iliyokuwepo. Mkiwa karibu na msitu, chumeni matunda kabla hayajaanguka, au pandeni kitu kingine.

Kivumbasi sasa. Mama mkwe akisema kivumbasi, muulize kipi, kwa sababu jina hili linabeba mimea kadhaa ya jamii moja na mrehani. Fikicha jani unuse. Kikinukia karafuu, ni kile kikubwa kinachofika mita 2 na shina lake hugeuka mti chini. Harufu ile inatoka kwenye eujenoli, kitu kilekile kilicho ndani ya mafuta ya karafuu. Uganda wanakiita mujaaja na hukitia kwenye chai. Kikinukia kama kafuri, kikapanda hadi machoni, ni kile chenye majani ya manyoya mepesi ya kijivu. Hicho ndicho ambacho wakulima wa kikundi cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega nchini Kenya, wanakilima na kukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua inayouzwa kwa jina la Naturub. Kwa uani kwenu ningechagua cha karafuu. Hudumu miaka mitatu au minne kikitunzwa, na jani lake linaingia hata jikoni.

Kwa mafua kinafaa. Watoto wasifunikwe shuka juu ya sufuria ya maji ya moto. Tangu kujifukiza kuliposhamiri mwaka 2020 nimesikia habari za kuungua nyingi mno, na ngozi ya mtoto haisamehe. Weka majani yaliyofikichwa kwenye beseni la maji ya moto pembeni ya chumba, mahali wasipofikia, mvuke ujae taratibu. Cha kafuri usikitumie kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Wewe mwenyewe, katika hali yako, kukinusa au kutia jani moja kwenye chai ni sawa, lakini usinywe yaliyochemshwa yakawa mazito, wala usijipake mafuta yake yaliyokamuliwa, mpaka umemuuliza mkunga wako.

Mahali pake si chini ya mwarobaini. Najua inavutia kuvipanga pamoja, dawa na dawa, lakini kivumbasi hutaka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, na mizizi ya mti ule itakinyang'anya maji. Wala si kuzunguka madirisha yote, kwa mgao wa maji mlio nao. Mche mmoja uliokomaa hutaka lita 3 au 4 kila baada ya siku mbili wakati wa kiangazi. Ukizunguka nyumba kwa miche 20, hesabu utakavyobeba ndoo mwezi wa tisa ukiwa na mtoto mchanga mgongoni. Panda miche minne. Miwili iwe jikoni, pale maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yanapomwagwa, na miwili kando ya baraza mnapokaa jioni. Maji yenye sabuni ya unga nyingi au dawa ya kung'arisha nguo yasifike hapo. Acha mita moja kati ya mche na mche.

Siri ya kivumbasi ni mkasi. Watu hukiacha kichanue, kikishatoa mbegu majani hupungua na kuwa madogo, shina linakauka, wanasema kimezeeka. Kila ukiona vishada vya maua vinajitokeza, kata. Mara mbili kwa mwaka kishushe hadi sentimita 20 kutoka ardhini, kitie samadi, mwagilia, ndani ya wiki tatu kitakuwa kimevimba majani. Acha shina moja tu lichanue kwa ajili ya nyuki, wanakipenda mno. Yale unayokata yasitupwe. Yakaushe kivulini na uyapange katikati ya mahindi na maharage kwenye gunia, kama walivyofanya bibi zetu. Fukusi huchelewa kuingia, ingawa dumuzi hatazuiwa na majani peke yake.

Tena usinunue miche hiyo. Mama mkwe akija Dodoma kabla hujajifungua, mwombe alete pingili kutoka kwake Tanga. Akate asubuhi ya safari, shina ambalo si changa sana wala halijawa mti, urefu wa sentimita 15, aondoe majani yote abakize mawili ya juu. Azifunge kumi kumi kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha kwenye mfuko wa nailoni ulioachwa mdomo wazi, na ndani ya basi akae nazo miguuni, zisiwekwe kwenye buti la mizigo ambako joto huziivisha. Zikifika ziloweke usiku mmoja, uzichomeke kwenye viriba vya mchanga na samadi nusu kwa nusu, chini ya kile kichanja cha mzabibu. Baada ya wiki mbili au tatu vuta moja polepole. Ikikataa kutoka, imeshika mizizi.